Ngazi za leseni za mafundi umeme Texas: cheti cha VETA kinanifikisha wapi?

Mgeni wa Fort Worth ameuliza:

Wanajukwaa, salaam kwenu nyote.

Nimefika Texas miezi mitano iliyopita kuungana na mke wangu, na kibali cha kufanya kazi tayari ninacho. Tanzania nilikuwa fundi umeme kwa miaka tisa. Nilisoma VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi ya Tanzania, hadi kiwango cha tatu, kisha nikaajiriwa na mkandarasi mmoja mjini Dodoma, tukifunga umeme kwenye shule, ofisi na nyumba za kuishi, na katika miaka ya mwisho nilikuwa nikiachiwa jengo zima pamoja na vijana wanne chini yangu. Sisemi haya kwa kujisifu, bali ili mjue ninauliza nikiwa nimesimama wapi.

Kila kampuni niliyobisha hodi hapa Fort Worth imeniuliza jambo lile lile: una leseni gani? Nikitoa vyeti vyangu wanavitazama kwa adabu, kisha wananirudishia. Msimamizi mmoja aliniambia kwamba nitaanza kama apprentice, kwamba journeyman ni baada ya miaka kadhaa, na kwamba master nisiifikirie kwa sasa. Mwingine akaniambia ipo leseni ya nyumba tu, inayopatikana kwa nusu ya muda huo, akanishauri niifuate hiyo. Shemeji yangu anayeishi Illinois naye ananishangaa, anasema kule kwao hakuna leseni ya jimbo kabisa na kwamba ninazungushwa kwa sababu ni mgeni.

Naomba mnisaidie mambo matatu. La kwanza, ngazi hizi zinapangwaje na kila moja inamruhusu mtu kufanya nini? La pili, miaka yangu tisa na kiwango cha tatu cha VETA vinahesabika kwa kiasi gani? La tatu, ambalo ndilo linaloniuma zaidi, je, ni haki mtu aliyekuwa akisimamia vijana wanne aanze kwa kubebeshwa ngazi na kukata mabomba ya kupitishia nyaya pamoja na mvulana wa miaka kumi na minane? Nitashukuru kwa majibu ya watu waliopita njia hii wenyewe.

---

Fundi Mkuu, Houston amejibu:

Ndugu yangu, karibu Texas, na pole kwa mizunguko. Mimi natoka Nakuru. Nilifaulu mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani ya Kenya, wa daraja la kwanza kabla ya kuhamia huku, na leo nina leseni ya juu kabisa ya ufundi umeme katika jimbo hili, kwa hiyo njia unayoiulizia nimeipita kwa miguu yangu mwenyewe.

Kwanza tuyape maneno hayo Kiswahili, kwa maana ugeni wa jina huongeza hofu bila sababu. Apprentice ni mwanagenzi, neno tulilo nalo siku nyingi kwa mtu anayejifunza kazi mkononi mwa fundi. Journeyman nitamwita fundi kamili, na master nitamwita fundi mkuu.

Kosa tunalolifanya karibu sote tunapofika ni kudhani kwamba ngazi hizi ni viwango vya elimu kama vile tulivyoviacha nyumbani, na hivyo tunatafuta mahali ambapo cheti chetu kitalingana na ngazi yao. Havilingani, kwa sababu havipimi kitu kimoja. Cheti chako cha VETA kinaeleza umefundishwa nini na umepimwa katika nini. Leseni ya Texas inaeleza unaruhusiwa kufanya kazi chini ya nani, na nyumba ikiungua ni nani atakayeulizwa. Ndiyo maana jimbo halianzi kwa kuhesabu vyeti vyako. Linahesabu saa ulizofanya kazi chini ya usimamizi wa fundi mkuu, na linataka sahihi ya huyo fundi mkuu kwenye fomu ya kuthibitisha uzoefu.

Mpangilio huu si wa zamani sana. Hapo awali miji ilikuwa ikitoa leseni yenyewe, na fundi aliyetambuliwa mji mmoja aliweza kuhesabiwa mgeni katika mji wa jirani. Bunge la Texas lilipitisha sheria mwaka 2003, ambayo leo ni Sura ya 1305 katika mkusanyiko wa sheria za kazi zinazohitaji leseni, na tangu tarehe 1 Septemba 2004 leseni ikawa ya jimbo zima, ikitolewa na Idara ya Leseni na Usimamizi ambayo kila mtu huiita TDLR.

Mwanagenzi anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 16, ajaze maombi na alipe ada ya dola 20. Hakuna mtihani. Anaruhusiwa kushika karibu kila kazi, ilimradi yupo mwenye leseni ya juu yake anayemsimamia palepale kazini. Yule wa kumpigia simu kutoka nyumbani hahesabiki.

Fundi kamili ni yule aliyefikisha saa 8,000 chini ya fundi mkuu na kufaulu mtihani. Ukifanya kazi saa 40 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, unapata saa 2,000, kwa hiyo ni miaka minne. Lakini saa za ziada nazo ni saa, na wapo vijana waliomaliza mapema kwa sababu walikubali miradi ya usiku. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba unaruhusiwa kuufanya mtihani ukishafikisha saa 7,000, halafu leseni ikasubiri utimize zilizobaki. Mtihani ni wa kitabu wazi, na kitabu chenyewe ni NEC, yaani Kanuni ya Taifa ya Umeme, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1897 na ambayo hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka mitatu. Toleo la 2023 lilianza kutumika Texas tarehe 1 Septemba 2023. Usidanganyike na hayo maneno kitabu wazi. Anayekifungua siku ya mtihani kama anayetafuta namba ya simu humalizikiwa na muda akiwa katikati. Alama ya kufaulu ni asilimia 70, na niliikosa mara ya kwanza.

Fundi mkuu anahitaji saa 12,000, awe ameshika leseni ya fundi kamili kwa miaka isiyopungua miwili, kisha afaulu mtihani mwingine. Yeye ndiye anayeweza kubeba kazi za mkandarasi kwa jina lake.

Hiyo leseni ya nyumba uliyoambiwa ipo kweli. Ni ya fundi wa makazi, inahitaji saa 4,000 na mtihani wake, na inamfunga mwenyewe kwenye nyumba za familia moja na majengo ya kuishi yasiyozidi ghorofa nne. Kwa mtu anayependa kazi za nyumba ni leseni nzuri na ya heshima. Kwako wewe uliyezoea shule na ofisi naiona kama chumba kizuri kisicho na mlango wa pili, isipokuwa uichukue kama kituo cha njiani huku saa zako chini ya fundi mkuu zikiendelea kujaa.

Shemeji yako hajakosea kuhusu Illinois. Kule, na vilevile Pennsylvania na New York, jimbo halitoi leseni ya fundi umeme. Miji na wilaya ndizo zenye masharti yao, na Chicago inajulikana kwa kuwa na kanuni zake za umeme ambazo hata fundi wa mji wa pili inabidi azisome upya. Alipokosea ni kudhani kwamba unazungushwa kwa ugeni wako. Mzaliwa wa hapahapa asiye na saa zilizothibitishwa naye anaanza pale utakapoanza wewe.

Kuhusu lile linalokuuma, nitakusimulia jambo moja. Siku yangu ya tatu kazini huku nilifungua boksi la soketi, nikaushika waya mweusi kwa utulivu wote. Mimi nimekulia kwenye nyaya za Kiingereza za zamani, ambako nyekundu ni waya wa moto na nyeusi ni nyutro, na mkono wangu ulikuwa umeamini hivyo kwa miaka kumi na miwili. Marekani nyeusi ni waya wa moto na nyutro ni nyeupe. Aliyeniokoa ni mvulana wa miaka kumi na tisa ambaye nilikuwa nikimdharau moyoni. Alikuwa ameizima breka, yaani swichi ya kukata umeme, kabla mimi sijafika. Na hiyo ni rangi tu. Nyumba za huku hupokea nyaya mbili za moto na nyutro moja kutoka kwenye transfoma, zinazotoa volti 120 kati ya waya wa moto na nyutro na volti 240 kati ya nyaya mbili za moto; hakuna soketi zilizofungwa kwa mzunguko wa duara kama tulivyofundishwa; nyaya hupimwa kwa namba ambayo kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo waya unavyokuwa mwembamba; na kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho kwetu huwekwa cha miliampia 30, hapa kwenye soketi za jikoni na bafuni hukata kwenye takriban miliampia 5. Baada ya mwaka mmoja niliacha kuona aibu ya kuitwa mwanagenzi.

---

Binti wa Uvira amejibu:

Nimeisoma barua ya ndugu wa Houston na sina la kupunguza, ila nina la kuongeza kwa upande wa makaratasi, kwa sababu makaratasi ndiyo yaliyonipiga.

Mimi sina cheti chochote. Ufundi nilifundishwa na mjomba wangu Uvira, nikishika tochi na koleo tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu, kisha tukakimbilia Tanzania, na hatimaye nikaletwa Dallas kama mkimbizi. Nilipoomba leseni ya mwanagenzi nilipewa ileile ambayo wewe mwenye VETA kiwango cha tatu utapewa. Najua hilo litakukera, lakini kwangu mimi lilikuwa lango la kwanza maishani ambalo sikuulizwa nilisoma wapi.

Sasa kuhusu saa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwa mkandarasi mdogo, nikakaa miezi kumi na minne. Nilikuwa nikidhani kwamba saa zinajiandika zenyewe mahali fulani serikalini kila ninapolipwa mshahara. Hazijiandiki. Fundi mkuu wa kampuni ile aligombana na mwenye mali akaondoka, mwenye mali akaajiri mwingine, na nilipokwenda kuomba fomu yangu isainiwe, huyu mpya akasema, na kwa haki kabisa, kwamba hawezi kuweka sahihi kwenye saa ambazo hakunisimamia. Nilimtafuta yule wa kwanza kwa miezi saba hadi nikampata mji mwingine. Alisaini juu ya boneti ya gari lake, dakika mbili tu, na nilipofika nyumbani nililia.

Kwa hiyo, kaka, kila unapoondoka kwa mwajiri, na hata kama huondoki bali fundi mkuu ndiye anayeondoka, ipate sahihi wiki hiyohiyo. Uwe na daftari lako lenye tarehe, mahali pa kazi, aina ya kazi, idadi ya saa, pamoja na jina na namba ya leseni ya fundi mkuu. Hati za mshahara usizitupe. Leseni ya mwanagenzi nayo huhuishwa kila mwaka, na kwa kawaida unatakiwa uwe umehudhuria masomo ya saa nne katika mwaka huo, kuhusu kanuni, sheria na usalama. Aliye ndani ya programu ya uanagenzi iliyosajiliwa na Wizara ya Kazi ya serikali kuu husamehewa masomo hayo.

Hapo ndipo ninapotaka kukushauri jambo ambalo ndugu wa Houston amelipita haraka. Sheria ya Texas haikulazimishi kwenda darasani ili uwe fundi kamili. Ukiwa na saa na ukafaulu mtihani, inatosha. Hata hivyo mimi nilijiunga na programu, na nisingelijiunga nisingefaulu. Zipo za chama cha wafanyakazi, yaani IBEW kilichoanzishwa St. Louis mwaka 1891, ambacho huendesha mafunzo pamoja na umoja wa wakandarasi kwa miaka mitano kwa upande wa majengo. Na zipo za vyama vya wakandarasi wasio na mkataba na chama hicho, ambazo kwa kawaida ni za miaka minne. Kipimo kinachotumika sana ni saa 144 za darasani kwa mwaka, nyingi zikiwa jioni. Utakuwa umechoka, na mkeo atalalamika, lakini kile kitabu cha NEC utakifungua kila wiki kwa miaka minne, na siku ya mtihani vidole vyako vitajua kurasa zilipo. Mimi nilifaulu mara ya kwanza kwa Kiingereza nilichojifunzia ukubwani.

---

Mwalimu wa Karakana, Morogoro amejibu:

Nawasalimu walio ng'ambo. Nimefundisha ufundi umeme kwa miaka mingi, na baadhi ya vijana wangu wako huko mliko, kwa hiyo suala hili huniijia mara kwa mara kwa simu.

Muulizaji, naomba nikukumbushe jambo unalolijua lakini uchungu umekufunika usilione. Hata hapa nyumbani cheti cha VETA hakikuwa leseni. Leseni ya kufanya kazi za ufungaji wa umeme Tanzania Bara hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja ambayo A ndiyo ya juu, na ulipokuwa Dodoma ukiachiwa jengo zima, kazi ile ilikuwa chini ya leseni ya mkandarasi wako. Fomu iliyokwenda TANESCO ili mteja aunganishiwe umeme haikuwa na sahihi yako. Tofauti iliyopo ni kwamba kwetu fundi anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kulihisi hilo, kwa kuwa anayeulizwa yuko ofisini, wakati Texas imeamua kwamba kila mkono unaogusa waya uwe na karatasi inayoonyesha uko chini ya nani.

Cheti chako, hata hivyo, usikitupe kabatini. Kanuni za serikali kuu ya Marekani zinataka kila programu ya uanagenzi iliyosajiliwa iwe na utaratibu wa kumtambua mtu mwenye ujuzi au uzoefu wa awali, ili asianzie mwanzo kabisa darasani na mshahara wake ulingane na hatua anayopewa. Mmoja wa wanafunzi wangu alianza mwaka wa pili wa programu kwa njia hiyo. Ila uelewe kwamba kutambuliwa na programu ni jambo moja, na saa 8,000 zinazodaiwa na jimbo ni jambo jingine. Programu inaweza kukusogeza darasani bila kukuongezea hata saa moja kwenye fomu ya leseni.

Utakapopeleka vyeti, ambatisha muhtasari wa masomo pamoja na maelezo ya namna viwango vyetu vinavyohesabiwa, kwa sababu namba zetu huwachanganya wageni. Katika mfumo wa sasa wa VETA kiwango cha kwanza ndicho cha chini na cha tatu ndicho cha juu, na anayeendelea huingia ngazi ya nne hadi ya sita zinazosimamiwa na baraza la elimu ya ufundi, NACTVET, ambapo ya sita ni stashahada. Lakini katika majaribio ya zamani ya ufundi daraja la tatu lilikuwa la chini na la kwanza ndilo la juu, na ndivyo ilivyo mpaka leo kwa NITA ya Kenya. Msimamizi wa Kimarekani aliyewahi kumwajiri Mkenya mwenye daraja la kwanza anaweza kukiona kiwango chako cha tatu akadhani ndio umemaliza kujifunza kushika bisibisi. Andika wazi kwamba hicho ndicho kiwango cha mwisho cha mafunzo hayo.

Pia mwombe mwajiri wako wa Dodoma barua yenye tarehe, aina ya majengo na majukumu yako. Barua hiyo ni ya mwajiri mpya na ya programu. Usiitegemee kwa TDLR, kwa sababu fomu yao inamtaka fundi mkuu mwenye leseni athibitishe, na mfumo wetu hauna mtu mwenye cheo hicho hata angekuwa na ujuzi wa kupita wote walioko huko.

---

Mgeni wa Fort Worth amejibu:

Nawashukuru kwa moyo wangu wote. Mwalimu, umenigusa pale uliposema kuhusu fomu ya TANESCO, maana ni kweli, katika miaka tisa sikuwahi kuitia sahihi hata moja, na sikuwahi kujiuliza kwa nini.

Nina maswali mawili ya mwisho. Ndugu wa Houston umetaja mkandarasi bila kumweleza: nikishakuwa fundi mkuu, je, ninaruhusiwa kujitegemea moja kwa moja? Na wakati huu nikiwa mwanagenzi, je, naweza kufanya kazi ndogondogo Jumamosi kwa watu wa kanisani kwetu? Tayari wananiomba, na si kazi za kutisha, ni soketi na feni za dari.

---

Fundi Mkuu, Houston amejibu:

Nianze na la pili kwa kuwa lina hatari zaidi. Hapana, ndugu yangu, hata kama ni bure. Leseni ya mwanagenzi haikupi kazi yako mwenyewe. Inakuruhusu kufanya kazi za mkandarasi mwenye leseni, chini ya msimamizi aliyepo mahali pale. Msamaha uliopo ni wa mtu kufanya kazi kwenye nyumba yake mwenyewe anamoishi, na hata hapo mji unaweza kumdai kibali na ukaguzi. Nyumba ya muumini mwenzako si nyumba yako. Nimemwona kijana mzuri sana, mwenye mikono kuliko yangu, akipoteza kazi kwa sababu ya feni moja aliyoifunga kwa hisani, ikaanguka, na kampuni ya bima ikauliza nani aliifunga. Mwenye nyumba ndiye aliyelitaja jina lake, naye hakuwa na nia mbaya, aliulizwa akajibu.

Kuhusu kujitegemea, fundi mkuu na mkandarasi ni leseni mbili tofauti, na hapa wengi hujikwaa. Ya fundi mkuu ni ya mtu, ya mkandarasi ni ya biashara. Biashara lazima iwe na fundi mkuu aliyesajiliwa kwayo, ambaye anaweza kuwa wewe mwenyewe, na iwe na bima ya dhima isiyopungua dola 300,000 kwa tukio moja na 600,000 kwa jumla, pamoja na nyingine ya 300,000 kwa kazi zilizokwisha kukamilika. Fundi mkuu mmoja hasajiliwi kwa wakandarasi wawili, isipokuwa kama anamiliki zaidi ya nusu ya biashara hiyo. Sharti hili limewekwa ili kuzuia ule mchezo tunaoujua sote wa mtu mmoja kukodisha jina na muhuri wake kwa kampuni saba ambazo hajawahi kuzitembelea. Nikikumbuka nyumba ngapi za kwetu zimewashwa kwa muhuri wa namna hiyo, nalisamehe jimbo hili ukali wake.

Ukitaka kujua mkandarasi wa kweli kabla ya kumwomba kazi, tazama ubavuni mwa gari lake. Anatakiwa aandike jina la biashara na namba ya leseni inayoanza na herufi TECL, na namba hiyo unaweza kuihakiki kwenye tovuti ya TDLR ukiwa umesimama palepale barabarani. Asiye nayo usimfanyie kazi hata akikulipa zaidi, kwa maana utampa jasho lako na hutakuwa na mtu wa kukusainia saa hizo. Na siku ya mahojiano usiulize mshahara kwanza. Uliza fundi mkuu wao ni nani, na ana muda gani pale.

---

Binti wa Uvira amejibu:

Naongeza moja tu: akikuajiri, mwambie fundi mkuu tangu wiki ya kwanza kwamba unatunza daftari, na umwombe alipitie kila baada ya miezi mitatu. Atakayekasirika kwa ombi hilo ni bora umjue mapema.

---

Mgeni wa Fort Worth amejibu:

Nimetuma maombi ya leseni ya mwanagenzi jana usiku na nimelipa zile dola 20. Daftari nimelinunua, na ukurasa wa kwanza nimeandika jina la kampuni nitakayokwenda kuiona Jumatatu, baada ya kuihakiki namba yake kama mlivyonielekeza. Barua ya Dodoma nimeomba, bosi wangu wa zamani amesema ataiandika mwishoni mwa wiki.

Jumamosi hii nilikuwa nimemwahidi mzee mmoja wa kanisa kwamba nitamfungia soketi ya jiko. Nimempigia simu kumweleza kwamba sitaweza na kwamba atafute mkandarasi. Amekubali kwa shingo upande, halafu akaniuliza kama basi naweza kuja kumsaidia kupaka rangi.

---

Fundi Mkuu, Houston amejibu:

Rangi haina TDLR. Nenda, ila breka izimwe kabla hujavua vifuniko vya swichi.